Fizi za Mama

Siku ile ya kwenda hospitali tulikuwepo wanne: mimi, mdogo wangu wa kike wa darasa la nne, shangazi yetu, na jirani Msukuma mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wazazi walikuwa wameshazikwa, ndiyo maana niliacha shule nikashika jembe.

Mdogo wangu alikuwa akitema mate mekundu kila asubuhi. Mama naye alianza hivyo hivyo: fizi zikavimba, jino likalegea, kisha akakonda hadi akaisha. Miaka ile wengi walikonda wakaisha, na ugonjwa haukutajwa. Shangazi alimkataza mtoto mswaki. Alisema fizi inayotoka damu ni kidonda, na kidonda hakisuguliwi. Damu ikazidi.

Hospitali za serikali zilikuwa zimeanza kudai mchango, na jirani ndiye aliyetutolea. Tabibu wa meno alimulika tochi.

"Mama yenu yuko wapi?"

Niliogopa kujibu, kana kwamba nikisema nitakuwa nimemhukumu mtoto.

"Alifariki," shangazi akasema. "Alianza na fizi."

Tabibu akasema ugonjwa wa fizi mara nyingine hufuata ukoo, na ule ugaga mgumu ulioganda kwenye meno lazima ukwanguliwe, na mswaki urudi leo leo. "Hicho kingine mnachokihofia sikioni humu. Ila mdomo hausemi yote."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyotoka nayo.

Leo mdogo wangu anafanya kazi maabara. Ananiambia ndani ya chembe hai za miili yetu kuna RNA, molekuli zinazobeba maagizo ya jeni, na kwamba ipo aina isiyojenga protini yoyote, kazi yake kuchochea na kutuliza jeni nyingine, na wataalamu wanachunguza kama ndiyo inayofanya fizi za wengine ziwake kupita kiasi. Nilimuuliza kama sisi tumeirithi. Alisema hajui.

Siku ile alitoka hospitali na pengo la jino lililong'olewa na pamba mdomoni. Njiani kurudi kijijini kwetu Pito nilimuuliza jirani, "Kaka, unanidai nini?"

"Pesa huna. Utanilimia yale matuta yenu Wafipa, ya kufukia majani yaoze yawe mbolea. Ng'ombe wangu watalia wakiona chakula kinazikwa."

"Shamba zima?"

"Kwani nilibeba nusu mtoto?"

Mdogo wangu akacheka, pamba ikalowa damu. Nikamwambia afunge mdomo. Tulipopita shambani kwa jirani, nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, na la deni hilo sikuwa nimeinua bado hata tuta moja.