Ni Ileile Tu, Mama

Kabla sijawa mtu wa ofisi nilikuwa winga Kariakoo, na sioni haya kulisema. Winga hana duka. Anasimama kwenye kona ya mtaa, anakusoma usoni unatafuta nini, anakuongoza mpaka dukani, na mwenye duka anampa chake ukishaondoka. Kazi yote iko mdomoni. Ukitaka pasi ya aina hii, na mimi najua dukani imebaki ya aina ile, sikwambii haipo. Nakwambia, "Ni ileile tu, mama, wamebadilisha boksi." Nilikuwa hodari sana wa sentensi hiyo.

Jioni nilisoma kompyuta, na baada ya miaka kadhaa ya kupigwa jua nikapata kazi katika kampuni kubwa inayouza na kutengeneza friji, friza na viyoyozi. Ofisi kuu iko Posta, stoo kuu iko Kariakoo, na kuna tawi kule Feri kwa ajili ya wauza samaki. Shida yao ilikuwa moja: hawakuelewana. Watu wa manunuzi walikijua kipuri kimoja kwa namba ya kiwandani, mafundi wa karakana walikijua kwa jina walilolibuni wenyewe, watu wa mauzo walikiita vile mteja anavyokiita. Kwa hiyo tawi la Feri linamwambia mteja hakuna, na kifaa kimelala Kariakoo, kimejaa vumbi, kwa jina jingine.

Akaletwa mtaalamu kutoka Ulaya kutufundisha dawa yake. Hatutengenezi orodha nyingine, alisema, tunaifundisha kompyuta maana. Kila kitu kipewe utambulisho mmoja, kisha tukiunganishe na vingine kwa nyuzi zenye majina: hiki ni sehemu ya kile, hiki kinatumika kwenye kile, hiki ni sawa na kile. Kompyuta ikishayajua hayo inaanza kufikiri yenyewe. Kama cha kwanza ni sawa na cha pili, na cha pili ni sawa na cha tatu, itakwambia cha kwanza na cha tatu ni kimoja. Na kila uzi, alisisitiza, uandikwe nani ameusema. Nilisikiliza huku nikicheka kimoyomoyo. Kumbe uwinga wangu ulikuwa na cheti chake Ulaya.

Maarifa ya vifaa yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, mama wa stoo. Mtu wa Lindi, rika la mama yangu mzazi, miwani ameifunga kwa uzi mweusi shingoni. Alianza kazi pale mimi niko shule ya msingi, lakini hadi leo alikuwa wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ukiisha anangoja aitwe asaini tena. Nilipewa kiti pembeni ya meza yake niyatoe yaliyo kichwani mwake niyaingize kwenye mfumo.

"Shikamoo mama. Hii ni sawa na ile?"

"Marahaba. Lete niione."

Hakuwahi kunijibu ndiyo wala hapana. Alikuwa na majibu matatu. "Ndiyo yenyewe" maana yake fumba macho, ukifunge. "Inaingia" maana yake itakaa mahali pake na itafanya kazi, ila fundi awe macho. "Inasogeza" maana yake mteja amekwama, leo Jumamosi, mpe hiyo mpaka Jumatatu ije ya kweli. Kila kifaa alikigeuza mkononi kwanza, hata kile alichokwisha kukishika mara elfu.

Siku za mwanzo niliandika majibu yote matatu kama yalivyo. Wiki ya pili nikachoka. Meneja alikuwa anapita kila asubuhi kuuliza tumefikia wapi, na mama akigeuza kifaa kimoja dakika tano nzima. Halafu, niseme ukweli, masikio yangu ya mtaani yalikuwa yanasikia jibu moja tu: mteja asiondoke mikono mitupu. Nikaanza kuandika yote "ni sawa na". Vingine sikumwuliza kabisa, nilivijua tangu enzi za kona. Penye nafasi ya kuandika nani amesema, nikamjaza yeye, mstari baada ya mstari, kwa sababu neno lake hakuna aliyelibishia.

Mfumo ukafanya kazi. Feri waliandika jina lolote, na jibu likaja kifaa kiko rafu gani. Tukaletewa sambusa na soda ofisini Posta, meneja akanipigia makofi mbele za watu. Mama wa stoo alikaa kiti cha mwisho, sambusa yake ameikunja kwenye tishu aondoke nayo.

Miezi miwili baadaye mapokezi ya ofisi ile ile yalinuka. Mama mmoja muuza samaki wa Feri alikuwa ameingia na beseni, akaliweka juu ya kaunta ya marumaru. Ndani kulikuwa na nguru, macho meupe, tumbo limefunguka.

"Mmeniuzia ugonjwa!" alisema. "Friza yangu mmeitengeneza nyinyi, inavuma kidogo inazima, na haigandishi! Kuleni basi!"

Mafundi wakaenda. Friza yake ilikuwa imefungwa themostati ya friji, kile kifaa kinachoiambia mashine baridi iishie wapi. Ya friji inasimama mapema. Maziwa yatapona, nguru hapana. Kijana wa Feri alikuwa ameuliza mfumo, na mfumo umejibu ni ileile. Themostati ya friza ilifungwa uzi na moja inayoingia, na ile inayoingia ikafungwa uzi na moja ya kusogeza, hiyo ya friji. Kompyuta ikaunganisha yenyewe, kama ilivyofundishwa.

Tukaitwa ofisini Posta, meneja akafungua kioo cha kompyuta mbele yetu sote. Nani amesema: mtunza stoo.

"Mimi sikusema hivyo," mama wa stoo alisema taratibu.

"Mfumo unasema ni wewe. Andika barua ya maelezo, kesho saa mbili iwe mezani kwangu." Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Kila mtu chumbani alilijua hilo. Mimi niliangalia viatu vyangu, na ulimi uliowahi kuuza nusu ya Kariakoo haukupata neno.

Alasiri alinifuata kwenye meza yangu. Hakuja kugomba. Alikuja kuniomba nimchapie barua, maana mimi ndiye mtu wa kompyuta.

"Andika," akasema. "Sikumbuki kusema kwamba themostati ya friji ni sawa na ya friza." Akavua miwani, akaifuta kwa khanga. "Endelea. Lakini kwa kuwa mfumo umeandika, huenda nilisema. Umri umekwenda, naanza kuchanganya. Naomba radhi."

Vidole vyangu vilikataa. Mtu ambaye hakuwahi kuniambia ndiyo bila kukishika kitu, leo anakubali kosa lisilo lake kwa sababu limetokea kwenye kioo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mama, hukusema. Nimeandika mimi, nikaweka jina lako."

Akavaa miwani yake. "Hilo moja?"

"Mengi."

"Mbona uliniacha pale chumbani?"

Nilifuta barua yake, nikaandika yangu, nikaipeleka kwa meneja jioni ileile kabla ujasiri haujapoa. Nilipewa onyo la maandishi. Kampuni ikamalizana na mama wa Feri. Mama wa stoo alisaini mwaka mwingine, na nilidhani hapo ndipo tumemaliza.

Tukarudi mezani kwake Kariakoo kupitia uzi mmoja mmoja. Sharti lake lilikuwa dogo: jina lake liondoke pale ambapo hakusema, na liachwe pale aliposema. Mfumo sasa ulikuwa na nyuzi za aina tatu kwa maneno yake mwenyewe. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri. Siku ya pili nikamsomea uzi wa gasketi mbili, mipira ya kuziba mlango wa friji, jambo dogo, la kawaida kabisa kwake.

Zamani angejibu akiwa bado hajamaliza kuzigeuza mkononi. Safari hii alizishika zote mbili, akanigeukia mimi.

"Hili nililisema kweli mwanangu, au ni wewe?"

Nikaangalia kioo. Jina lake lilikuwepo, kama lilivyokuwepo kwenye kila mstari. Nilitafuta kichwani, nikatafuta tena.

"Sikumbuki, mama," nikamwambia.