Mahindi na Mfuko wa Madini

Nikikuona unapanga mifuko ya mahindi katika nyumba yako mpya, mwanangu, nakumbuka siku moja kule Musonoi nilipokaa chini uani nikalia kwa furaha mbele ya mama mkwe wangu. Nilikuwa bado mgeni katika ndoa. Dada yako mkubwa, huyo anayejivuna leo, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kula bukari, ugali wetu.

Huyo mama mkwe, bibi yako, alitoka Kasai na hakuamini unga wa dukani. Alisema punje nzima inangoja, unga haungoji. Basi aliweka mahindi ya mwaka mzima na kusaga kidogo kidogo, ya bukari na ya mikate. Mwaka ule shamba lilitupa mavuno mazuri. Kabla mahindi hayajahifadhiwa, akaitwa aende Tenke, binti yake amejifungua. Aliniachia maneno machache: anika tena, jaza pipa kwanza, yanayobaki yatie katika mifuko mipya.

Pipa lilijaa nikalifunga. Yakabaki ya mifuko mitatu, na mipya ilikuwa miwili tu. Soko halikuwa mbali, lakini nilitaka arudi akute kazi imekwisha, anisifu. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Baba yako wakati ule alikuwa mchimbaji, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mfuko wake mtupu uliowahi kubeba madini. Niliufua, nikauanika, ukawa mweupe kama wenzake. Nikaujaza, kisha nikafungua mmoja katika ile mitatu na kupeleka beseni kwenye mashine ya kusaga. Tukala siku tatu.

Bibi yako aliporudi alimbeba dada yako, akaenda kutazama akiba yake. Alikuwa ameacha mifuko miwili mipya, akakuta mitatu imejaa. Akauliza wa tatu umetoka wapi. Nikamwambia kweli, na kwa kiburi kidogo nikaongeza:

"Niliufula na sabuni, mama, mara mbili."

"Sabuni inaondoshaka buchafu yenye unaona," akasema. "Yenye hauone, inabakia mu mufuko."

Kisha akauliza tumekula kutoka mfuko upi. Mwanangu, sikujua kama uliofunguliwa ndio ule wa madini. Nilikuwa nimeisogeza mitatu yote nilipofagia, kabla ya kufungua mmoja, na yote ilifanana. Nilimtazama dada yako, uji umemkauka mashavuni. Majuto ni mjukuu, lakini siku ile hayakungoja kuzaliwa.

Bibi yako hakunipigia kelele. Alitandika turubai, akamwaga mfuko uliofunguliwa, akaugeuza ndani nje na kupitisha ukucha kwenye kila mshono. Safi. Hapo ndipo nilipokaa chini na kulia, nikamshukuru Mungu kwa sauti bila kujali majirani. Wa pili nao safi. Wa tatu, fundo langu lilikuwa bado halijaguswa, na mshononi mlitoka vumbi la kijani la mawe ya shaba, lenye sumu.

Niliomba tuyaoshe yale mahindi, maana yalikuwa jasho letu. Alikataa. Tuliyafukia katika shimo refu, hata kuku hawakupata punje. Tulipomaliza kufukia akanishika mkono.

"Mutoto anakulaka chenye umemupa," akasema. "Hawezi kukuuliza kilitoka wapi."

Watu husema akiba haiozi. Ya fedha labda. Ya mahindi huoza, tena upesi, ukiiweka ovyo. Kwa hiyo yaanike mpaka punje ipasuke kwa kelele chini ya jino. Ikibonyea tu, rudisha juani. Changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, weka juu ya mbao mbali na ukuta, uyaoshe na kuyaanika tena kabla ya kusaga. Lakini kabla ya hayo yote, ujue chombo chako kilibeba nini jana. Hapa kwetu kila mfuko umewahi kwenda mahali, na anayekupa bure hatakusimulia safari zake. Usipojua, usitie chakula, hata kama mvua inakaribia na mahindi yako nje. Ukikosea, sema mapema kama nilivyosema mimi. Aibu haijaua mtu.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na wa kwako. Akupe nyumba ambamo mtoto anaomba sahani ya pili, nawe unampa bila moyo kushtuka.