Paka wa Fundi Nyasani na Chanjo ya Jumamosi

Pikipiki ilizima mara mbili mlimani, na mara zote mbili mgeni alishuka akatembea, begi mgongoni, mashamba ya majani chai yakiteremka pande zote za barabara. Alikuwa safarini kutoka Migori kwenda Eldoret. Nyamira hakuwa na haja nayo, ila ya kulala siku mbili tatu na kuona mji ambao hakuwahi kuuona. Mwenye pikipiki alimwacha mbele ya lango la mabati, nje kidogo ya mji.

"Uliza Mama Mong'ina, ana chumba. Lakini ngoja kwanza wamalize kesi."

Kesi ilikuwa ya paka.

Mong'ina, mwenye ploti, alikuwa amesimama uani ameuinua mkono wa mjukuu wake Natasha ili wapangaji wote wauone. Ulikuwa na mikwaruzo mitatu myembamba. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, tepi ya kupimia nguo shingoni, amemkumbatia paka wa rangi ya jivu.

"Fundi, mimi sina maneno mengi," Mong'ina alisema, naye alikuwa nayo tangu asubuhi. "Kama paka wako hana kichaa, nionyeshe kadi ya chanjo. Nakupa mpaka Jumapili asubuhi. Bila kadi aondoke, au muondoke wote wawili."

"Mama, mtoto alimvuta mkia."

"Na ng'ombe wangu anavutwa mkia kila siku! Umesikia amekwaruza mtu?"

"Ng'ombe wako hana kucha."

Wapangaji walicheka, Mong'ina hakucheka. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Fundi huyo aliitwa Nyasani. Alikuwa ameshona nguo Kericho, Kisumu, Narok na Nairobi, na hakuna mahali alipomaliza miaka miwili. Akizoea mji, miguu humuwasha. Mkewe alichoka kufungasha sufuria, siku moja akafungasha zake peke yake akarudi kwao Borabu. Nyasani aliendelea kuhama hadi mvua moja ilipomleta paka kwenye baraza ya duka alikoweka cherehani yake. Paka alipanda juu ya karatasi za vipimo vya wateja, akalala hapo kama mtu wa ofisi. Ndipo akaitwa Karani. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na fundi alikuwa bado Nyamira.

Katika miji ya pwani paka ni wa mtaa mzima. Hula kwa muuza samaki, hulala msikitini, hana mwenyewe. Huku milimani paka ni mfanyakazi. Anawekwa kwa ajili ya panya, na mshahara wake ni panya. Mtu anayemnunulia paka chakula huangaliwa kama anayelinunulia jembe viatu.

Na Nyasani alinunua. Kila baada ya siku nne alikwenda sokoni kwa Benter, mama aliyetoka Homa Bay na kuuza omena, dagaa wa ziwani, akachukua kopo moja la shilingi hamsini. Omena zikipanda bei, alichanganya na ugali, na Karani alizichagua moja moja akauacha ugali umepangwa vizuri pembeni. Dawa ya minyoo ilihitajika kila baada ya miezi mitatu. Maranda ya kuweka kwenye beseni la choo alipewa na seremala, naye akalipa kwa kutia viraka suruali za seremala huyo. Shule zikifungwa na sare zikikosa wa kushonewa, fundi alipunguza nyama yake kwanza, halafu chai, na omena zikabaki palepale.

"Fundi," Benter humwambia, "mimi nina watoto wanne na hawajawahi kunipangia bei ya samaki. Huyo mtoto wako ni wa ukoo gani?"

Jioni ile ya Alhamisi Nyasani alikwenda duka la dawa za mifugo. Sindano pamoja na nauli ya daktari ilikuwa shilingi mia nane. Yeye alikuwa na mia tatu na hamsini, na shule zilikuwa zimefungwa. Lakini ukutani palibandikwa tangazo: chanjo ya bure kwa mbwa na paka, uwanja wa soko, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana.

Alilisoma mara ya pili, akafika kwenye siku. Jumamosi.

Nyasani ni Msabato. Katika safari zake zote, ambako aliacha vyombo, wateja na mke, Sabato hakuiacha hata moja. Hashiki cherehani, hanunui, halipi, habebi mzigo kuanzia jua la Ijumaa linapotua hadi la Jumamosi linapotua.

Ijumaa hakushona chochote. Alikaa kwenye cherehani mguu ukikanyaga pedali, gurudumu likizunguka, sindano ikitoboa hewa. Aliinuka, akaenda hadi barabarani, akarudi. Benter alipita na beseni lake, akasikia habari, akalitua.

"Nipe mimi. Mimi Mkatoliki, Jumamosi yangu haina shida. Mungu wako akifunga ofisi, wangu amefungua."

"Hatakubali kubebwa na wewe."

"Paka akatae mkono unaonuka omena?"

Karani alikataa. Alitoka kwenye mikono ya Benter kama sabuni iliyolowa, akaingia chini ya cherehani, na huko akabaki.

Mgeni, ambaye sasa alikuwa mpangaji wa chumba cha tatu na alikuwa amekuja kushonewa mkanda wa begi, alisema angeweza kulipa zile mia nne na hamsini zilizopungua. Nyasani alitikisa kichwa. Hajawahi kumlisha paka kwa mchango, alisema, na hangeanza na sindano. Basi, mgeni akasema, anaweza kumtia kikapuni na kumpeleka kesho yeye mwenyewe. Yeye si Msabato.

"Wewe umelala ndani ya lango letu," Nyasani alisema kwa upole. "Amri ya Sabato inamtaja hata mgeni. Siwezi kupumzika mimi halafu nikutume wewe."

"Na ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato?"

"Anatolewa. Lakini huyu hajatumbukia. Anakwenda kudungwa." Mguu ukaanza tena kukanyaga pedali. "Sijui kama kudungwa ni shimo."

Jumamosi alivaa suti yake ya kijivu, akaenda kanisani. Mong'ina alikuwa benchi la mbele na Natasha, aliyefungwa kitambaa mkononi kikubwa kuliko mikwaruzo. Shule ya Sabato ilipita. Nyasani alijibu swali moja, akajibu vibaya. Saa nne. Wakaimba. Saa nne na nusu. Mhubiri alipanda, akaanza kueleza jinsi Nuhu alivyowaingiza wanyama safinani wawili wawili, na Nyasani akaona kwamba hata Nuhu hakuwaambia wangoje Jumapili. Alisimama. Mabenchi ya wanaume yote yaligeuka. Mong'ina naye aligeuka, akamtazama akitoka mpaka mlangoni.

Nyasani alimkuta mgeni uani anafua soksi. Aliingia chumbani na kutoka na kikapu kilichofunikwa kanga, ndani yake Karani akilalamika.

"Nikuitie pikipiki?" mgeni aliuliza. "Ni mbali, na jua hili."

"Nikipanda nitalipa. Dhambi moja inatosha kwa siku moja."

Akatembea kilomita nne na suti yake. Uwanjani palikuwa na foleni ya mbwa waliofungwa kamba za mkonge, wakibwekeana, na paka mmoja tu, wake. Mwenye mbwa mmoja alimuuliza kama amekuja kumuoza binti yake, jinsi alivyopendeza. Saa sita na dakika hamsini sindano ikaingia. Karani hakutoa sauti. Daktari akauliza jina la mnyama, Nyasani akalitaja, nalo likaandikwa kwa wino kwenye kadi ya njano.

Mong'ina alikuwa amesharudi kutoka kanisani Nyasani alipofika. Alimnyooshea kadi.

"Ondoa hiyo," Mong'ina alisema, mikono nyuma. "Leo ni Sabato. Makaratasi ya biashara siyasomi mpaka jua litue."

Nyasani aliketi kwenye ngazi ya chumba chake na kadi magotini, akangoja. Jua lilipozama nyuma ya migomba ya jirani, Mong'ina alitoka na miwani. Alisoma kadi mbele, akaisoma nyuma.

"Ni sawa," alisema. "Paka akae. Lakini kama ana jina na kadi, basi ni mpangaji. Shilingi mia tatu kwa mwezi. Usinune, Fundi. Wa chumba cha tano akileta mbwa kesho, nitamwambia nini?"

Nyasani aliipokea kadi, akaitia mfukoni. Neno lenyewe lilikuwa na haki yake, na hiyo ndiyo iliyomchosha. Kodi ya paka ingekuwa karibu sawa na chakula cha paka. Alianza kuzunguka uani, kutoka tangi la maji hadi langoni, langoni hadi tangini.

Benter, aliyekuja kusikia mwisho wa mambo, alimsimamisha. "Una habari? Kule Masimba kuna mteja wangu, Nyamweya. Panya wanamaliza mahindi yake stoo. Ana chumba kitupu nyuma, na kila wiki ananiuliza atapata wapi paka wa maana. Hapa wanamtoza Karani kodi, huko wanamtafuta wampe nyumba. Wewe utakuwa mgeni wake tu."

Jumapili asubuhi cherehani ilifungwa nyuma ya pikipiki, na nyingine ikangoja kumpeleka Nyasani stendi. Mong'ina alitoka na ufagio mkononi.

"Fundi! Kwa mia tatu tu? Si tungeongea?"

"Tungeongea, Mama, na tungepatana. Halafu mwezi ujao ungekumbuka kwamba anakunywa maji."

"Na sare ya Natasha nani atashona?"

"Masimba si Ulaya. Mlete nimpime."

Natasha alikaribia kikapu, mkono wenye kitambaa mgongoni. "Karani anaenda wapi?"

"Ameandikwa kazi," Nyasani alimwambia.

Alipanda, kikapu mapajani, akamuaga mgeni kwa kichwa tu, kwa sababu mikono ilikuwa na shughuli. Mgeni ndiye aliyewafungulia lango. Pikipiki mbili zikateremka zikifuatana, na sauti ya paka ikasikika kwa muda kabla ya kumezwa na injini. Basi la mgeni la kwenda Eldoret lilikuwa la saa mbili, na saa mbili ilikuwa imepita. Mong'ina aliingia chumba kilichoachwa, akafagia maranda yaliyobaki, kisha akamwita mgeni aje aone: kina dirisha kubwa kuliko kile chake, na akikitaka, atampunguzia.