Orodha Niliyopewa Niilinde Muleba

Mara kwa mara kijana hunijia kuniuliza aanze vipi kazi ya usalama wa mitandao. Anataka vyeti na kozi. Namtajia, kwa kuwa ndicho alichofuata, kisha nabaki nimekereka, maana mimi nilianza kazi hiyo kwa kushindwa vibaya, na sijaona cheti kinachofundisha nilivyoshindwa.

Nilirudi Kagera na shahada ya hisabati, miaka ile ambayo kila Jumamosi ilikuwa na mazishi yake. Huko Muleba, shirika dogo lililohudumia wagonjwa na yatima lilinikabidhi kompyuta moja, na ndani yake orodha ya watu waliopima damu, kila jina na jibu lake.

"Ikitoka hii," mkuu wa ofisi aliniambia, "hakuna atakayekuja tena kupima, na wengine watafukuzwa majumbani mwao."

Siku hizi kazi hiyo ina jina refu na mshahara. Wakati ule niliitwa "yule wa mashine."

Niliifunga orodha kwa maneno ya siri matatu, kila moja likitosha kuifungua: langu, la mkuu, na la karani wetu, mama mmoja mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Niliwahutubia nusu saa nzima. Wasitumie majina ya watoto. Wachague neno ambalo hata wakipandwa na homa kali hawatalisahau. Mkuu alilibandika lake kwenye kalenda ya ukutani. Nikalibandua. Akalibandika tena.

"Wewe ukiwa Bukoba," alisema, "nitamwuliza nani?"

Jumapili moja nilikwenda Kimwani kwa shangazi, dada wa baba. Vita ya Kagera ilipotukimbiza kutoka Kahororo nikiwa mtoto, yeye ndiye aliyetupokea. Njiani mgambo walitusimamisha wakamwuliza baba neno la siri la siku ile. Hakulijua. Basi mgambo mmoja akamwuliza ukoo wake, kisha muziro wake, yaani kiumbe ambacho kwa ukoo wetu ni mwiko kukila. Baba akajibu. Yule mgambo akacheka, akasema kumbe sisi ni wakwe zake, tukapita. Ningeukumbuka mkasa huo mapema ningeokoa heshima yangu.

Shangazi alinipa kahawa za kutafuna, akangoja nitie mdomoni.

"Yule mwalimu anayemchumbia binti yangu. Jina lake limo kwenye mashine yako?"

"Shangazi, siwezi kusema."

"Sijauliza anaumwa nini. Limo au halimo?"

"Hata hilo siwezi."

"Mlikuja hapa na godoro moja na kuku mmoja, mkalala chumbani kwangu mpaka vita ikaisha. Sikuwaficha hata nilikoweka sukari."

Binti mwenyewe, binamu yangu aliyesomea upigaji chapa Bukoba, alikuwa akimenya ndizi karibu nasi. Mimi, katika kujitetea, nikaeleza jinsi nilivyoifunga orodha, pamoja na ile hotuba yangu ya homa. Niliieleza vizuri mno.

Jumatano nilikwenda Bukoba kutafuta disketi kwenye duka la familia moja ya Kihindi, kati ya chache zilizobaki mjini. Mzee wa duka alisema zitakuja na meli ya Mwanza, kama alivyosema mwezi uliopita. Nilirudi mikono mitupu, nikamkuta binamu ameketi kwenye kiti cha karani. Karani alikuwa jikoni akimchemshia mgeni chai.

"Kaka, nimeifungua."

"Umefungua nini?"

"Orodha. Nimeandika kamongo."

Kamongo, yule samaki wa matopeni, ndiye muziro wa ukoo wa karani. Mama huyo alimpokea binamu kwa adabu, akamtajia ukoo na muziro, kama anavyomtajia kila mtu anayeingia. Neno lisilosahaulika hata kwa homa; kwetu lipo jingine? Lile la mkuu, pale kwenye kalenda, lilikuwa tumbili, muziro wa ukoo wake, na nilikuwa nimelibandua bila kushtuka. Langu silisemi, ila nililibadili alasiri ile ile.

"Jina lake halimo," binamu alisema, na alikuwa akitabasamu. "Nitamwambia mama tuendelee na harusi."

Nilikuwa na matusi tayari mdomoni. Lile tabasamu likanikera kuliko wizi wenyewe.

"Halimo kwa sababu hajapima. Hata mimi simo. Orodha haimjui mtu ambaye hajaja."

Aliondoa mikono kwenye mashine. "Kwa hiyo sijajua kitu."

"Kuhusu yeye, hujajua. Ila umeona ya wengine."

"Nimemwona anayetuuzia maziwa," alisema polepole.

"Utamwambia nani?"

"Sitamwambia mtu."

"Mama yako atakuuliza."

"Nitasema jenereta lenu liliishiwa dizeli. Hilo ataliamini."

Nilimweleza mkuu siku hiyo hiyo. Alinifokea, halafu akalalamika kwamba maneno mapya niliyowapa, yasiyo na maana yoyote, hayakaririki. Karani hakuniongelesha kwa wiki nzima.

Baadaye binamu alikuja tena na yule mwalimu, kwa baiskeli moja. Binti alikuwa amemwambia mchumba wake hakuna harusi mpaka wapime wote wawili. Majina yao niliyaingiza mimi mwenyewe, na majibu yalipofika niliyaingiza pia.

Nilipokwenda tena Kimwani, shangazi hakuzunguka.

"Majibu?"

"Muulize binti yako."

"Nimemwuliza. Ananiambia nikuulize wewe." Akanitazama. "Miaka yote ile ya chuo kikuu, ulikuwa unasomea kunyamaza?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbuzi wangu anajua hiyo bila shule." Hata hivyo akanisogezea kahawa.

Vijana wanaonivumilia hadi hapa huuliza majibu yalikuwaje. Nawarudisha kwenye vyeti.