Koti Lililopwaya Kushoto

Mtaani hakuna aliyemwita jina lake. Ni Futi tu, kwa ile futi ya kupimia isiyobanduka shingoni mwake, na kwa jeuri yake ya kushona. Nguo ya Futi ikikukaa vibaya, basi mwenye kasoro ni wewe.

Sasa binti yake akaposwa, naye akaamua kujishonea mwenyewe suti ya arusi. Hapo ndipo kibarua kilipoanza. Koti lilimbana kushoto, chini ya mbavu. Akalifumua, akalishona upya, likambana tena. Akalaumu kitambaa, akalaumu cherehani, hata mkewe aliyelipiga pasi hakusalimika. Kumbe mwenyewe anakonda, usiku jasho linalowesha shuka, na akikanyaga cherehani kidogo tu anahema. Yeye kakazana na mshono!

Mkewe ndiye aliyemvua ile futi. "Hebu nyanyua mikono, baba." Akampima kifua wazi, upande kwa upande, kama anavyopimwa mteja yeyote. Kushoto kulizidi. Akabonyeza chini ya mbavu, vidole vikakutana na kitu kigumu.

"Koti halina kosa, mume wangu. Kesho tunakwenda hospitali."

Wakamtoa damu, wakamchoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, jambo ambalo mpaka leo hulisimulia kwa kukunja uso. Majibu yalipotoka, daktari, mama mpole asiyezungusha maneno, akawaambia ni saratani ya damu, ile inayokwenda taratibu. Chembe nyeupe zimezidi mno, na bandama limevimba. Ndilo lililokuwa likisukuma koti.

Hofu ya Futi ilikuwa moja, kwamba hataifikia arusi ya mwanawe. "Daktari, ile suti niimalize, au niache?"

"Imalize. Zamani pengine ningekujibu vingine. Siku hizi kuna vidonge. Haviung'oi ugonjwa, ila wengi wanaovimeza kila siku bila kuruka wanaishi nao miaka mingi. Kama mwili wako umevikubali, damu itatuambia."

Akavimeza. Vikamtia kichefuchefu, vikamvimbisha macho, misuli ya miguu ikawa inamkaza. Alinung'unika weee, lakini hakuruka hata siku moja. Suti akaimaliza kwa vipimo vile vile vya ugonjwa.

Siku ya arusi ilipofika, miezi baadaye, koti lilipwaya kushoto kama lina mfuko wa siri. Fundi mwenzake akamkagua juu hadi chini. "Futi, leo umejishonea gunia."

Futi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kulipunguza ilikuwa kazi ya asubuhi moja, naye alikataa katakata.

Kabla ya kumshika binti mkono, alimvuta mkewe kando, akauingiza mkono wa mkewe ndani ya koti, pale palipokuwa pakibana. "Pima mwenyewe."

Mkono ukaingia wote, na nafasi ikabaki.

"Ahsante, mama," akamwambia. "Usingenipima, ningelifumua koti hili mpaka mkanizika nalo."