Shauri Lililosikilizwa Tukiwa Msibani

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, baba yangu amesimama mbele ya karani wa mahakama pale Tukuyu, matope ya msibani yamemkaukia miguuni. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimemsindikiza.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi walianza kuja kutafuta chai, na mashamba ambayo jana hayakuwa na mtu wa kuyatazama yakawa ya kugombewa. Jirani yetu, mfanyabiashara mwenye duka Msasani ya hapohapo Tukuyu, akadai kwamba shamba letu la Lupepo aliuziwa na marehemu babu. Uongo mtupu! Akafungua kesi, akaweka na wakili.

Siku ya kesi ikakuta shangazi, dada yake baba, amefariki kule Kawetele. Nawe unatujua sisi Wanyakyusa: msiba wa ndugu wa tumbo moja huuachi ukaenda kwenye mambo yako. Baba hata taarifa hakutuma. "Mahakama gani itakaa watu wakiwa msibani?" alisema. Kwa wazee wetu, kweli, isingekaa. Na yule jirani mwenyewe alikuja na mkungu wa ndizi, akalia nasi, akamshika baba mkono. Kesho yake akaondoka alfajiri kwenda mahakamani. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Shauri lilisikilizwa ex parte, mzee," karani akamwambia baba. "Hukumu imeshatoka, shamba ni la mwenzako."

Baba akainamisha kichwa. "Ndaga fijo, mkuu."

Alishukuru, mwanangu! Nikafungua mdomo niulize neno lile lina maana gani, akanibana mkono hadi ukauma. Mtu mzima kama yeye amuulize karani kijana vile maana ya maneno mbele ya watu? Aliona haya. Tukarudi nyumbani.

Chai ikachumwa, ikachumwa tena, ndipo alipokubali twende kwa wakili Mbeya. Yule wakili alitusikitikia. "Ex parte ni upande mmoja," akasema. "Walimsikiliza mwenzako peke yake kwa kuwa hukuwepo. Ungerudi mapema ukaeleza msiba wako, hukumu ingeweza kutenguliwa. Sasa umechelewa mno, mzee wangu."

Baba akafungua kesi mpya kwa ubishi tu, ikagonga neno jingine, res judicata: jambo likishaamuliwa, watu walewale hawaligombei upya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama akaishia kuchuma chai kwa kibarua kwenye michai aliyoipanda kwa mikono yake. Nyumba nayo ilikuwa humohumo shambani, kwa hiyo baba alipofariki tulimzika ukweni kwake, kwenye migomba ya wajomba zangu. Mwanamume mwenye kwao! Mpaka leo nikipita pale natazama pembeni.

Basi sikia. Mahakama haijui matanga, ipelekee habari mapema. Na ukiambiwa neno usilolijua, la Kilatini au la kuzimu, usiseme asante. Uliza. Wakicheka, uliza tena, na siku hiyohiyo uliza ufanye nini. Haya haijengi nyumba.

Mungu akupe ulimi usioogopa makoti meusi. Na siku yako ikifika, iwe mbali, ulale kwenye udongo wa kwenu.