Mashimo ya Ottilia

Ottilia Ndunguru alishuka kutoka Namswea na jembe begani, akimfuata Damiano, mvuvi aliyemwoa. Kwenye mlango wa mto, si mbali na Lituhi, alikuta mchanga mtupu usio hata na jina. Mmatengo hakai bure. Akalaza nyasi, akazifukia, akachimba ngolo, yale mashimo wanayolimia kwao milimani ili maji yatuame na udongo usikimbie.

"Shemeji, unamzika nani?" wavuvi walimcheka.

Maharage yalipozaa, kicheko kikakatika, nao wakachimba. Watu wakahamia, kanisa la matete likasimama, mahali pakaitwa Mashimoni. Ottilia alilipenda jina hilo kuliko kitenge chake cha harusi.

Kosa lilikuwa wazi, ila aliyeshiba haulizi. Mlimani udongo hushikana; mchanga haushikani na mtu. Masika haya mto ulipofurika, uliingia shimo la kwanza, ukabomoa tuta, ukaingia la pili, hivyo hivyo mpaka ukajikatia njia katikati ya nyumba. Chache tu zilibaki, na katika mojawapo alilala Damiano, aliyepooza.

Boti ya Cleopa, kijana wa hapo Mashimoni, ilikuwa ya mwisho kuondoka, imejaa watu na magunia.

"Shikamoo, mama. Panda wewe. Mtu wa kulala anakula nafasi ya wanne."

"Marahaba. Chukua bati zangu."

"Bati za nyumba inayoondoka?" Cleopa alitema mate majini. "Mashimo yako yamebeba nyumba ya mama yangu, unajua?"

"Najua. Ndiyo maana sikuombi. Nanunua."

"Kwa kitu gani, sasa?"

Ottilia alitazama ukuta wake ukimeguka. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu, mahali pa kurudi.

"Mibuni aliyoniachia baba yangu, Namswea. Yote, na kiwanja chake. Hawa wote ni mashahidi."

Cleopa akawageukia abiria. "Magunia yote yatupwe majini."

"Mahindi yangu, jamani!" Beata, jirani wa Ottilia, alilia, akiling'ang'ania gunia lake mpaka likamponyoka.

Wakambeba Damiano kwa mkeka. Boti iliponguruma, alimtazama mkewe, akasema kwa nusu ya mdomo, "Tunakwenda kwa nani?"

Ndani ya boti maji yalikuwa yakipanda miguuni mwao. Ottilia aliokota sufuria, akaanza kuyachota na kuyamwaga nje.